Ushauri: Mume wangu amekuwa mtu wa hasira tangu apate ajali, je, ni damu ya ukoo wao?

Ndugu Mshauri,

Pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa jiji la Mbeya, na ninauza vitenge katika soko la Mwanjelwa. Mume wangu ni dereva wa semi anayebeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, na kwa kazi hiyo hukaa barabarani muda mrefu kuliko anaokaa nyumbani. Tumeishi katika ndoa zaidi ya miaka kumi, na katika muda wote huo sikuwahi kumsikia akinipandishia sauti. Kwenye nyumba tunayopanga, wapangaji wakigombana juu ya bili ya umeme au zamu ya kufagia uwanja, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuwapatanisha.

Mwishoni mwa mwaka jana gari lake liliacha njia kwenye mteremko wa Kitonga alipokuwa akikwepa lori lililofeli breki. Aligonga paji la uso kwenye usukani na kupoteza fahamu, kwa muda ambao tandiboi wake anasema haukuwa mrefu. Hospitalini alishonwa nyuzi kadhaa juu ya jicho, akapewa dawa za maumivu, na siku iliyofuata akaruhusiwa bila kupigwa picha yoyote ya kichwa. Mwezi haukuisha akawa amerudi barabarani, kwa sababu tajiri alikuwa akimkumbusha kila mara kwamba wapo vijana wengi wanaokitaka kiti chake.

Tangu hapo siye yule niliyeolewa naye. Jambo dogo humlipua. Amegombana na tandiboi wake, ambaye wamefanya kazi pamoja miaka mingi, na kule mizani nusura apigane na ofisa aliyemwambia asubiri foleni. Siku moja nilibandika maharage, nikaenda dukani na kumwacha ameketi hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, akitazama taarifa ya habari. Niliporudi, nilikuta moshi umetanda ndani na majirani wanauliza kuna nini, naye bado amekaa pale pale. Nilipopiga kelele, aliinuka, akalibeba sufuria lile la moto na kulibamiza ukutani, akidai kwamba ninamdhalilisha mbele ya watu. Saa moja baadaye nilimkuta amejifungia chumbani analia.

Mwezi uliopita alinisukuma nikagonga mlango kwa bega, mbele ya watoto. Kijana wangu wa miaka tisa alisimama katikati yetu. Wiki hiyo hiyo mwalimu aliniita na kuniambia kwamba mtoto huyo amempiga mwenzake darasani hadi akatokwa na damu puani.

Sitaki kuficha mengine. Barabarani anatafuna mirungi na kunywa vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu ili asisinzie, na akifika nyumbani anakunywa pombe kali ili apate usingizi. Hata hivyo halali. Saa nane za usiku utamkuta ameketi kitandani macho makavu.

Mama mkwe anasema nisihangaike, kwamba hiyo ni damu ya kwao, kwa kuwa marehemu baba mkwe naye alikuwa na mkono mwepesi na kijiji kizima kilimwogopa. Shangazi yangu anasema amerogwa na watu wanaotaka kazi yake. Jirani yetu anasema homoni za kiume zimemzidi, na kwamba kuna dawa za kuzipunguza. Mchungaji ametuombea, nami nimefunga na kuomba. Naomba uniambie ukweli: je, hasira inaweza kuwa ndani ya damu? Na kama ni hivyo, mwanangu naye ndiyo hivyo tena? Nikae au niondoke?

Mama wa Mwanjelwa, Mbeya

JIBU

Dada yangu,

Pole sana kwa hayo unayoyapitia, na pole kwa bega lako. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na jambo lililonishtua kuliko yote ni lile ambalo wewe umelitaja kama kisa tu cha nyumbani, yaani maharage. Mtu mwenye akili zake, aliye macho, anaketi hatua mbili kutoka kwenye sufuria linaloungua hadi majirani wanakusanyika, naye hana habari. Wewe ulikasirika ukidhani kwamba alipuuza. Nakuomba ujiulize iwapo alisikia harufu yenyewe. Mjaribu kwa utulivu siku akiwa mzima: afumbe macho, umsogezee puani kahawa, kisha karafuu, kisha kipande cha sabuni, uone kama atavitambua.

Nauliza hivyo kwa sababu nyuzi za neva zinazobeba harufu hupenya kwenye vitundu vidogo vya mfupa mwembamba ulio juu ya pua, na kichwa kinapogonga kitu kwa kishindo ubongo huteleza ndani ya fuvu na nyuzi hizo zinaweza kukatika. Juu yake tu, nyuma ya paji la uso na juu ya matundu ya macho, imelala sehemu ya ubongo wa mbele inayomsaidia mtu kujizuia: kupima neno kabla ya kulisema, kumeza tusi la ofisa wa mizani, kutambua kwamba sufuria la moto si kitu cha kubamiza ukutani. Sakafu ya fuvu mahali hapo ina kingo za mifupa zinazokwaruza, na ndiyo maana sehemu hiyo huumia mara nyingi katika ajali za barabarani hata pale ambapo ngozi imeshonwa nyuzi chache tu na mgonjwa anatembea mwenyewe kurudi nyumbani. Kwa hiyo madaktari wanaoshughulika na majeraha ya kichwa huchukulia kupotea kwa uwezo wa kunusa baada ya ajali kuwa ishara kwamba jirani yake, yaani ubongo wa mbele, naye akaguliwe.

Kisa maarufu kuliko vyote katika jambo hili kilitokea tarehe 13 Septemba 1848 huko Vermont, Marekani. Msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja, uliorushwa na baruti, ukaingia chini ya shavu na kutokea juu ya kichwa. Alipona. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu yule aliyekuwa mtulivu na wa kutegemewa aligeuka mwenye matusi, asiye na subira na asiyeshika shauri lake mwenyewe, hata rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Wewe, bila kuwahi kukisikia kisa hicho, umeandika sentensi ile ile: siye yule niliyeolewa naye. Sehemu ya pili ya habari zake husimuliwa mara chache. Baadaye Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya abiria yaliyovutwa na farasi kwa miaka kadhaa, na wapo watafiti wanaoamini kwamba utaratibu wa kazi ile, wenye ratiba ileile kila siku, ulimsaidia kurudisha sehemu kubwa ya utu wake. Sisemi hivyo ili umrudishe mumeo kwenye usukani, maana farasi anajua njia na semi halijui. Nasema ili usidhani kwamba jeraha la ubongo ni hukumu isiyo na rufaa.

Kuna jambo lingine katika barua yako linalonielekeza huko huko. Mwanamume anayempiga mkewe kwa desturi mara nyingi huwa mpole kazini, mnyenyekevu kwa tajiri, na hupandwa na hasira akishafunga mlango wa nyumbani. Huyo anajua kujizuia, ila amechagua pa kutokujizuia. Wako anawaka kwa tandiboi, kwa ofisa wa serikali, na kwako, bila kuchagua, tena mahali ambapo hasira yenyewe inamgharimu. Halafu hulia. Mabadiliko hayo yameanza baada ya tarehe inayojulikana, kwa mtu aliyekuwa na historia ndefu ya upole. Mimi siwezi kumpima mtu kwa barua, na sijathibitisha lolote, lakini kama ningekuwa ndugu yake nisingelala kabla hajaonwa na daktari wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu.

Hata hivyo ningekuwa ninakudanganya kama ningeibebesha Kitonga mzigo wote, kwa sababu juu ya kichwa kilichojeruhiwa mumeo anaongeza vitu vingine vitatu, na kila kimoja peke yake kinatosha kumfanya mtu mzima awe mkali. Cha kwanza ni kukosa usingizi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwakesheza vijana wenye afya usiku kucha na siku iliyofuata wakawaonyesha picha za kuudhi huku wakiupima ubongo wao. Amigdala, yaani ile sehemu yenye umbo la lozi inayopiga kengele ya hatari, iliitikia kwa kiasi kilichozidi cha watu waliolala kwa zaidi ya asilimia 60, na mawasiliano yake na ubongo wa mbele yalikuwa yamelegea. Wale walikesha mara moja, tena hawakuwa wamegonga usukani.

Cha pili ni mirungi, ikisindikizwa na makopo yale. Ndani ya jani bichi la mirungi kuna kemikali iitwayo kathinoni, inayofanya kazi mwilini kwa namna inayokaribiana na amfetamini, dawa ya kusisimua mwili: humwondolea mtu usingizi na njaa, humpa maneno mengi na ujasiri, kisha inapoisha humwacha amechoka, ana huzuni, na kila sauti inamkera. Wewe unampokea nyumbani katika saa hizo za kuisha. Wanaompakilia na kumshushia mizigo ndio wanaoziona saa zake nzuri. Sihitaji kukukumbusha kwamba kwa sheria za Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya, hivyo kila safari anahatarisha pia leseni na uhuru wake. Makopo nayo yana kafeini nyingi, na kafeini iliyonywewa jioni bado ipo kwenye damu usiku wa manane, na ndiyo hayo macho makavu unayoyaona.

Cha tatu ni pombe, na hapa naomba uwe makini sana. Pombe hulewesha kwanza ile sehemu ya ubongo inayozuia, ndiyo maana mlevi husema asichokusudia. Kwa mtu ambaye sehemu hiyo tayari imeumia, kiasi ambacho zamani hakikumtikisa sasa kinaweza kumvurugia akili. Wala pombe haileti usingizi wa kweli, kwa kuwa humlaza mtu upesi kisha ikamwamsha saa nane. Ila usimwage chupa zake kwenye sinki kesho asubuhi, wala usimlazimishe aache ghafla. Mtu aliyezoea kunywa pombe kali kila siku akikatishwa kwa siku moja anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na hata kupata degedege, na kichwa kilichogongwa huongeza hatari hiyo. Aache chini ya usimamizi wa daktari.

Sasa nije kwenye damu, kwa kuwa hapo ndipo moyo wako umeelemewa. Ni kweli kwamba urithi una mchango katika tabia ya ukali. Tafiti nyingi za mapacha zinakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti zilizopo baina ya watu katika jambo hili inahusiana na vinasaba. Lakini hesabu hiyo inahusu tofauti ndani ya kundi kubwa la watu, haimwambii mtu mmoja kwamba nusu ya hasira yake imetoka kwa babu. Vinasaba vinavyohusika ni vingi, na kila kimoja mchango wake ni mdogo mno.

Kuna kimoja tu kilichopata umaarufu. Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake walieleza habari za familia moja ya Uholanzi ambamo baadhi ya wanaume walikuwa na ulemavu kiasi wa akili pamoja na milipuko ya ukali, nao wakakuta kwamba wanaume hao wana hitilafu katika kinasaba kiitwacho MAOA, kinachosaidia kuvunja kemikali za ubongo zinazohusika na hisia. Hitilafu kamili ya namna hiyo ni adimu sana duniani. Na zingatia hili, uweze kumjibu mama mkwe kwa adabu: kinasaba hicho kimo katika kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake peke yake. Baba hampi mwanawe wa kiume kromosomu hiyo. Kwa hiyo, hata kama marehemu baba mkwe angekuwa nacho, asingeweza kumrithisha mumeo, wala mumeo asingeweza kumrithisha kijana wako. Isitoshe, damu ya ukoo ingekuwa ndiyo chanzo, ilikuwa wapi miaka yote ile alipokuwa akipatanisha wapangaji?

Mwaka 2002 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walitoa utafiti juu ya wavulana wa mji wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Kulikuwa na wavulana wenye aina dhaifu ya kinasaba hicho hicho, aina ambayo si adimu hata kidogo, na walioonekana kuangukia zaidi kwenye ukatili ukubwani ni wale waliokuwa wametendewa vibaya utotoni. Wenye aina hiyo hiyo waliolelewa bila kuteswa hawakuonyesha tofauti hiyo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na mimi nisingempeleka mtoto yeyote kupimwa kinasaba hicho. Lakini mwelekeo wake unagusa swali lako. Kijana wako hajapiga mwenzake kwa sababu ya babu aliyekwisha kufariki. Ameona mlango, na ameona aliyesukumwa. Mtoto wa miaka tisa anayesimama katikati ya wazazi wake analala usiku akiwa na masikio wazi, na asubuhi anaingia darasani akiwa hana subira iliyobaki.

Zungumza naye mkiwa wawili tu. Mwambie kwamba baba aliumia kichwani, kwamba watu wazima wanalitafutia ufumbuzi, kwamba si kosa lake na si kazi yake kukulinda. Ikitokea tena, kazi yake ni kumshika mdogo wake mkono na kwenda kwa jirani. Mweleze na mwalimu, kwa kifupi, ili mtoto asichapwe kwa jambo asiloweza kulieleza.

Habari za homoni nitazipita haraka. Uhusiano wa testosteroni na ukali kwa binadamu ni dhaifu kuliko unavyosimuliwa vijiweni. Katika jaribio lililotolewa mwaka 2010 na watafiti wa Zürich, wanawake waliopewa testosteroni bila kujua waligawana fedha kwa haki zaidi kuliko waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kitu ndani yake, na waliokuwa wakorofi ni wale walioamini tu kwamba wameipewa. Usinunue dawa ya kupunguza homoni kwa mtu yeyote. Kuhusu chakula, Waingereza walifanya jaribio katika gereza la vijana la Aylesbury, wakalitangaza mwaka 2002: wafungwa waliopewa vitamini, madini na mafuta ya aina ya omega walivunja kanuni za gereza kwa karibu robo pungufu kuliko waliopewa vidonge bandia. Ni habari njema, ila kwa mumeo tafsiri yake si vidonge vya kununua kwa wapita njia, bali ni kwamba mtu anayetafuna mirungi mchana kutwa na kula chipsi mayai mara moja usiku hawezi kuwa na utulivu. Akiwa nyumbani, dagaa, mboga za majani na hayo maharage vinatosha.

Hospitalini usimwache aende peke yake. Mtu aliyeumia ubongo wa mbele mara nyingi haoni kwamba amebadilika. Akiulizwa atasema yuko salama, ana mawazo ya kawaida tu, na daktari mwenye wagonjwa wengi atamwandikia dawa za maumivu. Nenda naye, au aende na kaka yake anayemheshimu, mkiwa na karatasi iliyoandikwa tarehe ya ajali, alipogonga, alipoteza fahamu kwa muda gani, yaliyobadilika tangu hapo, habari za harufu, usingizi, mirungi na pombe bila kuficha. Ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya kanda ambako kuna kipimo cha CT, yaani mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Mjue tu kwamba picha ya CT inaweza kutoka safi na jeraha likawepo, kwa kuwa nyuzi ndogo zilizokatika hazionekani humo. Picha safi isiwe mwisho wa maswali. Ombeni pia apimwe sukari na tezi ya thairoidi, ambayo ikizidi kufanya kazi humfanya mtu awe na jasho, mapigo ya moyo ya haraka, kukonda na ukali. Na kama anameza dawa yoyote, itajeni, kwa maana zipo dawa, zikiwemo baadhi za kifafa, ambazo kwa watu wachache huleta hasira. Akianza kutapika, kuumwa kichwa kunakozidi, kupata degedege au kulegea upande mmoja wa mwili, msingoje miadi, nendeni siku hiyo hiyo.

Maombi endelea nayo, na mchungaji anaweza kuwa ndiye mtu wa kumshawishi akubali kwenda. Kwa shangazi, mwambie kwamba hata aliyerogwa akigonga kichwa hupelekwa hospitali.

Umeniuliza ukae au uondoke. Maelezo yote niliyoyatoa hapo juu yanahusu sababu, wala hayakupi wajibu wa kuvumilia kusukumwa. Mlango uliokuumiza bega ungekuumiza vile vile iwapo aliyekusukuma ni mgonjwa au ni mkorofi. Kwa hiyo, wakati uchunguzi unaendelea, yeye au wewe na watoto mlale mahali pengine katika zile siku anazorudi kutoka safari, hadi awe amelala usingizi wa kutosha na kileo kimemtoka. Kwa kaka yake panafaa, na hiyo si kuvunja ndoa. Mshirikishe jirani mmoja unayemwamini, weka vyeti vya watoto na fedha kidogo kwake, na usibishane naye akiwa amelewa hata kama haki iko upande wako. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na akikujeruhi utapewa hapo fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitalini. Kwa jambo linalomhusu mtoto, namba 116 hupigwa bure. Siku akikukaba koo, akishika silaha, au akimgusa mtoto, ondoka siku hiyo na usingoje majibu ya kipimo chochote.

Limebaki la kazi. Asiendeshe hadi daktari atamke kwamba anaweza. Mtu asiyelala, mwenye kichwa kilichojeruhiwa, na tani nyingi nyuma yake, ni hatari kwa mabasi yanayokutana naye. Najua utasema tajiri atampa mwingine kiti. Lakini ajali ya Kitonga ilimpata akiwa kazini, na kwa sheria mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao hugharamia matibabu, ulemavu wa muda au wa kudumu, na utengamao, yaani kumrudisha katika hali ya kujitegemea, wa mfanyakazi aliyeumia kazini. Nendeni kwenye ofisi ya Mfuko mkaulize iwapo taarifa ya ajali ile iliwahi kupelekwa, na msichelewe, maana ushahidi hupotea. Mtahitaji taarifa ya polisi wa usalama barabarani, karatasi za hospitali aliyoshonwa, na shahidi aliyekuwepo. Shahidi huyo ni tandiboi yule aliyegombana na mumeo. Mtafute wewe mwenyewe, mwombe radhi kwa niaba ya nyumba yako, na umwombe aandike kwa mkono wake alichokiona: gari lilivyotoka barabarani, kichwa kilivyogonga, na ni muda gani mumeo alikaa bila kuitika alipoitwa jina lake. Karatasi hiyo itolewe nakala mbili, moja ya Mfuko na nyingine ya daktari.